Chai ya Bawa la Kushoto

Alama ile ilikuwapo kweli, au niliiona mimi peke yangu? Swali hilo lilinikosesha usingizi katika chumba changu cha Bukoto, nikiwa na miaka ishirini na minne na shahada ya sanaa ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Alama yenyewe haikuzidi punje ya mchele. Ilikuwa juu ya bawa la kushoto la ndege ya mbao, mfano wa eropleni wenye urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukiitazama kwa mbele huioni. Ukiinamisha kichwa, mwanga ukaja kwa ubavuni, inajitokeza, inakaa kidogo, inapotea. Nililala chali nikainamisha kichwa huku na huku juu ya mto wa kulalia, kana kwamba ndege ilikuwa pale darini.

Nawaambia mapema ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi: katika kisa hiki hakuna aliyekufa. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, hilo lilikuwa jambo la kutaja.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi wa karakana mliniagizia keki yenye umbo la ndege, nami niliona kwamba sukari ya juu yake ilikuwa na michirizi ya kisu kutoka mkiani hadi puani, kinyume kabisa na mwendo wa upepo, nikanyamaza, nikala. Mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipaka ndege kwa brashi kabla ya mashine zenu za kupulizia rangi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya karakana tangu siku yangu ya kwanza. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, baba Mualuri, mama Mganda, na nyumbani tulikutana katikati, kwa lugha ya gwaride. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havina rangi.

Karakana ilikuwa Old Kampala, nyuma ya duka lenye milango ya mbao ya kukunja. Mwenyewe wa kwanza, Mhindi aliyependa ndege kuliko biashara, alikuwa ameondoka na wenzake walipofukuzwa nchini, akaacha kabati zima la makopo ya rangi, kila kopo na karatasi yake, na juu ya kila karatasi mwandiko mdogo kama wa sisimizi. Duka alipewa Mama Sauda, Mnubi, ambaye mumewe alikuwa sajenti. Hakujua lolote kuhusu ndege, lakini alijua kuwaacha wanaojua wafanye kazi. Wengi waliopewa maduka mwaka ule hawakuwa na elimu hiyo.

Tulitengeneza ndege za kuwekwa madirishani mwa ofisi za tiketi, wakati ambapo watu waliokuja kununua tiketi walikuwa wachache na waliosafiri kwa kupenda walikuwa wachache zaidi. Tulitengeneza nyingine za shule, na za meza za maofisa. Zile zisizo na mwenyewe zilining'inia darini kwa nyuzi za nailoni, kama thelathini hivi. Mlango ulipofunguliwa na upepo kuingia, zote ziligeuka polepole zikatazama nje, zikakaa hivyo, halafu zikarudi. Katika dari kulikuwa na kioo kimoja mahali pa bati, na saa kumi alasiri jua lilipita pale likashuka mezani kwetu likiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mpaka leo, nikifumba macho mchana, hapo ndipo ninapoamkia.

Fundi alikuwa Mzee Barasa, Mluhya wa Bungoma, Kenya, mtu wa kanisa, aliyepaka mabehewa ya reli kwa miaka mingi kabla mikono yake haijahamia kwenye vitu vidogo. Siku ya kwanza aliniuliza nimesomea nini. Nikamwambia sanaa. Miaka mingapi? Mitatu.

"Sawa," akasema. "Shika ndoo, mwaga maji sakafuni."

Nikauliza kwa nini. Akaniambia vumbi halina digrii lakini linajua kupaa, na sakafu ikiwa na maji haliwezi. Tangu siku hiyo jina langu likawa Digrii. Wiki nzima nilimwaga maji. Niliyamwaga kwa mawazo mengi sana: je, yakizidi, mbao haitafura? Yakipungua? Siku ya nne nilikuja na karatasi niliyochora sakafu yote, nimeigawa miraba, kila mraba na kiasi chake cha maji. Mzee aliitazama, akaikunja vizuri, akawashia sigiri, lile jiko letu la makaa.

Sasa vifaa. Brashi ya Mzee Barasa ilikuwa bapa, upana wa vidole viwili, ya manyoya laini ambayo yeye alisema ni ya kindi na mimi sikuthubutu kubisha. Ilikaa ikining'inia ndani ya mafuta ya kitani, ncha isiguse chini, kwa sababu brashi ikisimamia ncha yake huinama, na ikiinama mara moja haisahau. Hakuna aliyeigusa ila yeye. Alipoondoka kurudi kwao, miaka kadhaa baadaye, aliniachia. Mtaikuta kwenye droo ya pili. Msiisafishe kwa petroli, tafadhali.

Rangi tuliichuja kwa soksi ndefu za nailoni za wanawake, nami ndiye niliyetumwa soko la Owino kuzinunua. Nilihitaji moja tu, na nilisema ukweli kwamba nahitaji moja.

"Moja? Bibi yako ana mguu moja?" mama wa soksi akaniuliza.

Jirani yake hakuinua hata macho. "Mwache. Hiyo ingine atapelekea bibi wa pili."

Baada ya siku ile nilinunua jozi, na bado wakanisalimia kwa kuniulizia hali ya ule mguu.

Rangi ya mafuta ukiitoa koponi ni nzito, nayo uzito ndio adui. Mzee aliikata kwa tapentaini kidogo kidogo hadi ikadondoka kijitini kama maziwa mabichi. Ikidondoka kama bongo, yale maziwa yaliyoganda, hapaki. Kopo lilikaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana rangi yenye joto hutambaa yenyewe na kuziba nyayo za brashi. Ndege ya mbao ya musizi ilikuwa imeshajazwa puti, imepakwa kijivu cha chini, imesuguliwa kwa msasa wa maji hadi ukiipitisha shavuni hutahisi chochote. Hapo ndipo unachovya brashi, theluthi tu ya manyoya, unapangusa upande mmoja ukingoni mwa kopo, unaweka rangi katikati ya bawa, unaitandaza. Mwisho unarudi na brashi iliyokaribia kukauka, unaigusisha kidogo tu, toka mbele ya bawa kwenda nyuma, njia ambayo upepo wenyewe ungepita. Pigo moja kwa kila mstari. Mistari mitano, bawa limekwisha.

Ukishafika hapo, usirudi tena. Hili ndilo jambo lote, na ndilo lililonishinda mimi. Rangi ikishatulia huanza kufanya utando, kama maziwa ya moto yanapopoa. Utando hauonekani. Ukiona kasoro ukaigusa ili kuirekebisha, unauchana, na unabaki na kovu pale palipokuwa na kasoro ambayo ingejifunika yenyewe baada ya dakika tano. Rangi laini haitoki mkononi tu. Robo ya kazi huifanya yenyewe, ukiwa haupo.

Kwa ajili hiyo Mzee Barasa alikuwa na desturi. Pigo la mwisho likipita, aliifunika ndege kwa beseni la bati lililoinuliwa juu ya vijiti vinne, akasema, "Chai ya bawa," na kila mtu akatoka nje. Kila mtu, hata Mama Sauda akiwa na wateja. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukanywa chai, mara nyingi bila sukari, maana sukari ilikuwa ya magendo, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi ndani kabla Mzee hajamaliza kikombe cha pili. Alikunywa kama mtu anayesoma barua. Mji chini yetu ulikuwa kimya kwa namna ambayo mji haupaswi kuwa. Mara gari la jeshi lilipita, mazungumzo yakasimama, gari likatokomea, mazungumzo yakaendelea palepale neno lilipokatikia. Kwa Mzee chai ile ilikuwa ya kuizuia mikono. Kwangu ilikuwa mateso.

Kapteni mmoja wa jeshi alikuja siku ya mvua. Alitaka ndege ya kivita, nyeupe yote, ing'ae, awe nayo Jumamosi, atampa mgeni wake mkubwa. Alizungumza kwa upole, akizitazama ndege zilizokuwa zikigeuka darini. Kisha akaongeza jambo moja.

"Andika jina ya fundi chini yake. Ikiwa mzuri, nitajua wa kushukuru. Ikiwa mbaya, nitajua pia."

Mwezi uliotangulia, mchoraji mmoja wa mabango aliitwa kwenda kueleza kwa nini herufi fulani ilikuwa ndogo kuliko nyingine, na hakurudi kutuambia alielezaje. Na hizo zilikuwa siku ambazo jina la Mkenya halikupendeza popote lilipoandikwa, hata kwenye bahasha. Mzee Barasa alikuwa na kawaida ya kukwaruza herufi B ndani ya kila kitako, kibao cha kusimamishia ndege. Jioni ile aliandika jina lake zima kwa penseli chini ya kitako kipya, polepole, akasema penseli itapitiwa na wino kazi ikiisha.

Tulikuwa na makopo mawili ya nyeupe: moja lililofunguliwa na moja dogo, zima, la mwisho nchini kwa kadiri tulivyojua. Mzee alipaka mkono wa kwanza na wa pili wa rangi. Wa tatu, wa mwisho, Jumanne alasiri, alinipa mimi bawa la kushoto, kwa brashi yangu mwenyewe ya nywele za nguruwe, eti mkono wangu umekomaa. Nilipaka vizuri. Nasema hivyo kwa miaka yote niliyofanya kazi hii: nilipaka vizuri. Beseni likafunikwa, tukatoka kunywa chai.

Nikiwa kwenye ngazi nikaanza kuwaza. Mstari wa tatu, niliupitisha hadi mwisho, au niliinua brashi mapema? Kama niliinua mapema kutakuwa na tone. Tone likikauka litakuwa chunusi. Nikasema nakwenda haja. Nikaingia kwa mlango wa pembeni, nikainua beseni. Hapakuwa na tone. Palikuwa na kitu nilichokidhania kivuli cha tone. Nikakigusa kwa ncha ya brashi, mara moja tu, nikafunika, nikarudi nikamalizia chai yangu. Sikumwambia mtu.

Jumatano rangi ilipokauka, Mzee aliibeba ndege akaipeleka chini ya kile kioo cha dari. Niliiona alama papo hapo. Yeye akaigeuza, akaitazama, akaipitisha tena. Macho yake yalikuja hadi kwenye alama, yakapita juu yake kama mtu anayepita mlango wa nyumba asiyoijua.

"Maji," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la sifa. Na akaenda kutafuta kalamu ya wino.

Sasa mnaelewa usiku wa Bukoto. Kwanza nilijiuliza kama alama ipo. Nilipokubali ipo, nikajiuliza jambo baya zaidi. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiniambia nisome karatasi za makopo kwa sauti, eti nijifunze. Jinsi alivyohesabu tapentaini kwa kusikiliza matone. Jinsi wiki iliyotangulia alivyonipa kopo la kijivu nilipomwomba la buluu, akacheka, akasema ananijaribu. Mzee Barasa alikuwa anapoteza macho, na alikuwa akiificha hali hiyo ya kutoona kwa ustadi uleule aliofichia nyayo za brashi. Nikimwambia kuna alama asiyoiona, nimemvua nguo. Mama Sauda akijua, fundi asiyeona atabaki na kazi gani? Nisipomwambia, jina lake litakwenda kwa Kapteni chini ya kovu la mkono wangu. Nilizungusha mambo hayo mpaka muadhini akaamsha watu waliokuwa wamelala.

Alhamisi niliingia mapema. Mzee alikuwa ameshamwaga maji sakafuni mwenyewe. Kalamu ya wino ilikuwa mezani, kitako kimegeuzwa, penseli bado haijapitiwa.

"Mzee, usiandike," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Yote ikanitoka kichwani, nikamshika kidole gumba, nikakiweka juu ya bawa la kushoto, nikakisogeza hadi mahali penyewe. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma unywele mmoja, kikaja tena.

"Hii si yangu."

"Yangu, mzee."

"Ulirudi."

"Nilirudi. Wakati wa chai."

Ndege za darini zikamaliza kuzunguka. Nilingoja anitukane. Akauliza kwa sauti ya chini nimejua habari ya macho tangu lini. Nikamwambia tangu kopo la kijivu. Akatikisa kichwa akasema lile kopo lilimuuma yeye pia. Halafu akacheka kidogo.

"Digrii, wewe unaona vitu ambavyo havipo, mimi sioni vilivyopo. Tukichanganywa tungekuwa fundi mmoja mzuri."

Mama Sauda ilibidi aambiwe, maana ndiye aliyejua kuzungumza na watu wa mumewe. Mzee alimwambia habari ya bawa na habari ya macho kwa pumzi moja, mimi nimetazama ndoo. Mama Sauda alisikiliza huku akijifunga kitambaa kichwani. Akasema macho ya Mzee ameyajua tangu Krismasi, alipomshukuru kwa chapati ambazo zilikuwa mandazi. Kisha akaondoka kwa miguu kwenda kwa Kapteni.

Alirudi mchana. Alikuwa amemwambia, "Afande, ndege yako haijakauka. Ukiishika Jumamosi, itabeba alama ya kidole yako mpaka ifike kwa mgeni." Kapteni alicheka akampa hadi Jumatatu asubuhi. Akamwambia pia kwamba hakuna Jumanne. Mama Sauda alitueleza hayo yote akiwa amesimama, kisha akaketi ghafla, akaomba maji, na tukaona kwamba viatu vyake alikuwa amevivaa kushoto kulia, kulia kushoto, tangu alipotoka.

Alhamisi ile yote nilisugua bawa kwa msasa wa maji na kipande cha sabuni, Mzee akipima kwa shavu lake. Hakuona, lakini shavu halikudanganywa. Ijumaa tulifungua lile kopo dogo. Lilitosha bawa moja, mkono mmoja. Nikikosea tena, nyeupe nyingine iko ng'ambo ya mpaka. Nilichuja kwa soksi, nikakata kwa tapentaini, Mzee akasikiliza matone akasema basi. Nikaichukua brashi yangu ya nguruwe.

"Iache hiyo," akasema. Akatoa yake kwenye mafuta, akaifinya, akaipangusa kwa kitambaa mpaka ikaacha kulia, akanipa. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Mwanga ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye kioo, na chembe chache za vumbi zilizokuwa hewani zilikuwa zikizama polepole kuelekea sakafu yenye maji.

Kabla ya kuchovya nilifanya jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata mara moja, labda ndiyo sababu niliweza kulifanya. Niligeuza kitako, nikafuta jina la Mzee Barasa kwa kifutio, nikachukua kalamu ya wino nikaandika langu. Jina kamili, la baba na la ubatizo, si Digrii. Mzee alisikia kalamu inakwaruza akauliza naandika nini.

"Jina la fundi," nikamwambia. Hakuuliza la nani.

Kisha nikapaka. Katikati, nikatandaza, nikarudi na brashi tupu, mbele kwenda nyuma. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nikaupitisha hadi ukingoni nikauachia hewani kama mtu anayemwachia ndege kiganjani. Wa nne. Wa tano. Bawa likalala jeupe lenye maji, na ndani yake nikaona dari, na ndani ya dari zile ndege nyingine zimegeuka zote kutazama mlango.

Ndipo nikaiona. Karibu na ncha, nyembamba kama unywele, huenda mstari, huenda kivuli cha uzi wa nailoni. Mkono wangu wenye brashi ukaanza kushuka. Nilisimama nikiutazama unashuka. Mzee Barasa alikuwa kando yangu, hakuona.

Niliirudisha brashi kwenye mafuta, nikaining'iniza, ncha isiguse chini. Nikalifunika bawa kwa beseni.

"Chai ya bawa," nikasema, nikatoka, nikaketi kwenye ngazi, na sikuinuka hadi kikombe cha pili.